Tulifyeka vichaka miaka minne iliyopita, mbona ardhi inapasuka sasa?

Swali: Shamba letu la ekari nne liko Newala, ukingoni mwa Uwanda wa Makonde, kwenye mteremko unaotazama bonde la Ruvuma. Miaka minne iliyopita tulifyeka vichaka, tukang'oa visiki, tukachoma, tukalima ufuta misimu miwili, kisha tukapanda mikorosho. Mvua zilizopita umetokea ufa juu ya shamba, urefu kama hatua kumi na tano, nyuma ya nyumba ya kaka. Wazee wanasema ni mvua tu. Je, kufyeka kwetu kunahusika? Na mikorosho ikikua haitaushika udongo?

Jibu: Wazee wamesema nusu ya ukweli. Mvua ndiyo inayoangusha, lakini mvua ile ile iliwahi kunyesha juu ya vichaka na mteremko haukutikisika. Kufyeka kunahusika, na kung'oa visiki kunahusika zaidi. Hiyo miaka minne uliyoitaja inanipa wasiwasi kuliko urefu wa ufa.

Tuanze na kinachoushikilia mteremko. Uzito wa udongo unauvuta kwenda chini. Kinachouzuia ni msuguano wa punje kwa punje, pamoja na mshikamano, yaani ile gundi ya ndani. Udongo wa mfinyanzi una gundi yake. Mchanga hauna, na Uwanda wa Makonde sehemu kubwa ni tabaka za mchanga na mawe laini ya mchanga, mfinyanzi ukiwa umelala katikati hapa na pale. Kwa hiyo gundi ya ile mita ya juu ni ya kuazima: ni mizizi. Vile vichaka mlivyovikuta vimesongamana hata mtu hapenyi, chini ya ardhi vilikuwa vimesongamana vilevile, mizizi imesukwa kama ukili.

Hesabu kidogo, maana bila hesabu hili linabaki maneno. Chukua mteremko wa nyuzi 30, wenye udongo wa mchanga wa kina cha mita moja juu ya tabaka gumu. Udongo uliolowa una uzito wa tani mbili hivi kwa kila mita ya mraba iliyo tambarare. Nguvu inayouvuta kwenda chini ni kama kilo 870 kwa kila mita ya mraba ya uso wa mteremko. Maji yakiwa hayajajikusanya ndani, msuguano unazuia kama kilo 970, basi mteremko unasimama, ingawa kwa tofauti ndogo. Sasa maji yatuame juu ya tabaka gumu hadi nusu mita. Yanazinyanyua punje, kubanana kwake kunapungua, na msuguano unashuka hadi kilo 730 hivi. Hapo pengo ni kilo 140, nani analiziba? Maji yakijaa mpaka juu, msuguano unabaki kama kilo 490 na pengo linakuwa kilo 380. Mizizi ya msitu au kichaka kizuri huweza kuongeza kati ya kilo 200 na 2,000 za mshikamano kwa kila mita ya mraba. Kwa hiyo mteremko wa namna hii husimama kwa hisani ya mizizi, na nyinyi mliing'oa.

Mbona haukuanguka mwaka ule ule? Kwa sababu mizizi iliyobaki ardhini haikufa na kupotea siku moja. Ile myembamba, kuanzia unene wa kalamu kushuka chini, ndiyo inayoshona udongo vizuri zaidi, na ndiyo inayooza kwanza. Minene hufuata. Wakati huo mimea mipya bado haijatandaza mizizi ya kutosha. Kwenye milima ya nchi za baridi, kipindi dhaifu hupimwa kati ya mwaka wa tatu na wa kumi na tano baada ya kukata miti. Kwenye joto letu, na mchwa wetu, kuoza hakusubiri muda wote huo. Mchwa wana ubaya wa pili: hula mzizi mkavu na kuacha tundu, na tundu hilo linakuwa bomba la kupeleka maji moja kwa moja ndani ya mteremko. Ndiyo maana watu hufyeka, wakavuna ufuta mzuri misimu miwili, wakasema "mbona hakuna kilichotokea", kisha mwaka wa nne au wa tano ndipo udongo unaondoka.

Kuna na suala la maji. Kichaka kilikuwa kinanyonya unyevu mwaka mzima, kwa hiyo mvua za Novemba na Desemba zilikuta udongo umekauka na una nafasi. Shamba jeupe hubaki na unyevu mwingi chini, hivyo mvua za Machi na Aprili zinakuta chombo kimeshajaa nusu. Moto mkali nao huacha tabaka jembamba kwenye mchanga lisilopenda maji kwa muda. Mvua za kwanza zinateleza juu yake, zinachimba vijito, na vijito vinakuwa makorongo.

Ushahidi mzuri zaidi nchini unatoka Mgeta, milima ya Uluguru. Februari 1970 ilinyesha mvua ya takriban milimita 100 ndani ya saa tatu, na ardhi ikaporomoka sehemu zaidi ya 1,000. Watafiti walipohesabu yalikoanzia, karibu yote yalianzia kwenye mashamba na maeneo ya nyasi. Yaliyoanzia ndani ya msitu hayakufika asilimia moja. Milima ile ile, mvua ile ile.

Lakini usiufanye msitu kuwa hirizi. Tarehe 3 Desemba 2023, tope la Mlima Hanang lilishuka hadi Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Kule kilichokatika ni kipande cha mlima chenye miamba dhaifu iliyonyonya maji, na mzizi wa mti haufiki huko. Mizizi inasaidia katika mita moja hadi mbili za juu. Sehemu inayoteleza ikiwa kina cha mita tano, miti imepanda juu ya gari linaloondoka. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu ufa wako ni hili: unateleza kwa kina kifupi au kirefu?

Bila mashine huwezi kuwa na uhakika kamili, lakini dalili zipo. Ufa ulio mita mbili au tatu kutoka kwenye ukingo mkali, ulionyooka sambamba na ukingo, kwa kawaida ni kipande cha juu kinachojiandaa kudondoka. Ufa uliojipinda kama mwezi mchanga, ncha zake zikielekea bondeni, upande wa chini umeshuka hata kwa sentimita tano, na mteremko wa chini una mahali palipovimba au chemchemi mpya: huo ni wa kina. Wa namna hiyo hautibiwi kwa kupanda chochote. Kaka ahame kabla ya mvua, kisha ndipo mtaalamu wa jiolojia aitwe kupitia halmashauri.

Pima na mwinamo wenyewe, usikisie kwa macho, macho huongeza. Tumia mpira wa maji ule wa mafundi wa kusawazisha msingi. Pima mita 10 za mlalo, kisha angalia ardhi imeshuka kiasi gani. Ikishuka mita 2.7, mwinamo ni nyuzi 15. Mita 3.6 ni nyuzi 20, mita 4.7 ni nyuzi 25, mita 5.8 ni nyuzi 30, mita 7 ni nyuzi 35. Kwa mchanga wa uwanda, chini ya nyuzi 15 tatizo lako ni mmomonyoko kuliko maporomoko. Kuanzia 25 kwenda juu, sehemu hiyo isilimwe kwa jembe kabisa.

Sasa mikorosho. Ni mti mzuri, una mzizi mkuu unaozama na mizizi ya pembeni inayosafiri mbali, na shamba la miaka kumi na tano linashika udongo kuliko shamba la ufuta au muhogo. Lakini hesabu nafasi. Kwa mita 12 kwa 12, hekta moja ina mikorosho 69. Miaka ya mwanzo, katikati ya mche na mche pana mita kumi za udongo usioshikwa na kitu. Isitoshe, tunavyoutunza mkorosho ndivyo tunavyoudhoofisha mteremko: shamba linapaliliwa na kufagiliwa liwe jeupe ili korosho zilizodondoka zionekane, na uokotaji unakwisha pale pale mvua zinapoanza. Kwenye tambarare ya Tandahimba hilo halina shida kubwa. Kwenye ukingo wa Newala ni kuivua ardhi nguo mvua ikiwa mlangoni.

Huhitaji kung'oa mikorosho. Safisha chini ya kivuli cha mti tu, mahali korosho zinapodondokea. Kati ya mstari na mstari fyeka kwa panga au fyekeo, ukiacha majani ya kimo cha sentimita kumi, mizizi ikiwa hai. Visiki vya asili vinavyochipua katikati msivipige tena. Vipogolewe viwe vifupi. Kisiki kinachochipua ni mzizi ulio hai bila gharama ya mche, na vichaka vya kwetu na miti ya miombo huchipua kwa ukaidi ambao wakulima wamekuwa wakiulaani siku zote. Mngefyeka bila kung'oa, barua hii labda isingeandikwa.

Kukinga kwenyewe kunaanza na maji, na hapa watu wengi hukosea mpangilio: wanakimbilia kupanda miche huku maji ya paa yakiendelea kumwagika ndani ya ufa. Tembea siku ya mvua uone maji yote yaliyo juu ya ukingo yanaelekea wapi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Nyumba ya mita 8 kwa 10, mvua ya milimita 60, ni lita 4,800 zinazoshushwa mahali pamoja. Uwanda hauna mito kwa sababu mchanga unameza maji na kuyatoa bondeni, huko huko ambako mabibi zetu walikuwa wakiteremka kuyachota. Maji unayoyamwaga ukingoni hayapotei, yanapita ndani ya ule mteremko ulio na ufa.

Kwa hiyo wekeni gata pande zote mbili za paa, maji yaende kwenye kisima au simtanki, na ya ziada yapelekwe kwa bomba hadi upande wa ndani wa uwanda, mbali na ukingo. Kisima chenyewe mkikague. Kisima cha chini ya ardhi cha mita tatu kwa tatu kwa tatu kinabeba tani 27 za maji. Kikiwa na ufa, kinapakia uzito na kuvujisha unyevu kwa pamoja. Weka alama ya maji jioni siku isiyo na mvua, funika, usichote, angalia asubuhi. Kikishuka zaidi ya sentimita moja, kinavuja. Shimo la choo na shimo la maji ya kuogea yasichimbwe kati ya nyumba na ukingo hata kama eneo ni dogo.

Ufa usiuache wazi. Usiujaze mchanga pia, maana mchanga ni mrija. Tafuta udongo wa kichuguu, uulowanishe kidogo, uushindilie kwa tabaka za sentimita kumi hadi uvimbe juu ya ardhi kama mgongo wa kobe, kisha tandika turubai lililobanwa kwa mawe msimu mzima. Kabla ya kuufunika, pigilia vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, imara, na msumari juu ya kila kimoja. Pima umbali wa msumari hadi msumari kila Jumapili na kila baada ya mvua kubwa, andika kwenye daftari. Umbali usipobadilika msimu mzima, mmepata nafuu. Ukiongezeka milimita chache kwa wiki, punguzeni matumizi ya nyumba na watoto wasilale upande ule. Ukiongezeka sentimita moja ndani ya siku mbili tatu za mvua, ondokeni usiku huo huo.

Juu ya ufa, umbali wa mita tano hadi kumi kuelekea upande wa ndani, chimbeni mfereji wa kuyapindisha maji. Upana sentimita 60, kina 40, ukishuka nusu mita hadi mita moja kwa kila mita 100, si zaidi, kwa sababu mchanga ukipewa kasi unajichimba wenyewe. Upigilieni ndani kwa udongo wa kichuguu. Mwisho wake uwe mahali penye mawe au majani mazito, na jirani wa upande ule aridhie kwanza. Mfereji unaoishia shambani kwa mtu ni korongo jipya na ugomvi juu. Msichimbe mifereji ya kuhifadhi maji, hata ile ya fanya juu inayosifiwa sana (udongo wa mfereji hutupwa upande wa juu kuwa tuta), kwenye mteremko unaoonyesha ufa. Fanya juu na matuta ya kontua, yaani yanayofuata usawa mmoja wa ardhi, hufanya kazi ya kuyazamisha maji ardhini. Kwenye shamba tulivu hiyo ni faida. Kwenu ni kumpa maji mtu anayezama.

Kupanda kuje baada ya hapo, mvua zikishakolea, Desemba au Januari. Kwa mteremko wenu ningeanza na vetiva, aina ya nyasi, kwa sababu mizizi yake inashuka wima mita mbili hadi tatu badala ya kutambaa juu. Chora mistari ya kontua kwa fremu ya A, kifaa cha kutafutia usawa: miti miwili ya mita mbili, kipande cha kuunganisha, kamba yenye jiwe. Panda machipukizi mawili au matatu kwa shimo, sentimita 10 hadi 15 kutoka shimo hadi shimo. Ukiacha 30, maji yatapita kwenye mapengo na kuyachimba. Kutoka mstari mmoja hadi mwingine, kimo cha kushuka kiwe mita moja hadi mbili. Mwaka wa kwanza utaona nyasi tu. Kazi ya mizizi inaanza kuonekana mwaka wa pili, na hapo katikati msijidanganye kwamba mmekwisha kinga. Sehemu zinazozidi nyuzi 25, pamoja na ukanda wa mita 20 hivi kandokando ya ukingo, ziacheni vichaka virudi.

Kama chini yenu kuna korongo linalopanda kila mwaka kuelekea shambani, hilo lina haki ya kushughulikiwa kabla hata ya vetiva, kwa sababu linakata mguu wa mteremko. Msijaze takataka na magunia kichwani mwake. Gunia la plastiki jua linalimaliza ndani ya mwaka mmoja au miwili, kisha mzigo wote unashuka. Pindisheni kwanza maji ya juu. Laza kingo zake hadi kila mita moja ya kimo iwe na mita moja na nusu ya mlalo. Ndani wekeni vizuizi vya mawe au fito, kimo kisizidi mita moja, vikiingia ubavuni nusu mita kila upande, katikati pakiwa chini kuliko pembeni ili maji yapite kati, na mawe ya kupokea maporomoko ya maji chini yake. Juu ya kizuizi cha chini pawe usawa mmoja na mguu wa kizuizi kinachofuata kwa juu. Ukosefu wa kuingiza ubavuni ndio unaoviua vingi: maji yanazunguka pembeni, na kizuizi kinabaki kimesimama peke yake kama mlango usio na nyumba.

Kuhusu nyumba ya kaka: ile tabia ya kuuchimba mteremko wima ili kupata kiwanja ni hatari kwa mchanga, kwa sababu mchanga wenye unyevu kidogo husimama wima na kumdanganya fundi. Mtoto anayechezea ufukwe wa Mikindani anajua: mchanga mbichi unajenga ukuta, ukiongeza maji unatiririka. Vilima vya mji wa Lindi vina nyumba za namna hii, zenye ukuta wa udongo wa mita tatu nyuma ya jiko. Ukichimba, laza kwa kipimo kile kile cha moja kwa moja na nusu. Ukijenga ukuta wa kuzuia, nyuma yake jaza kokoto na utoboe matundu ya bomba la inchi mbili au tatu kila mita moja na nusu. Ukuta usio na matundu unasukumwa na maji pia, sio udongo tu. Na nyumba mpya isikaribie ukingo kwa umbali mdogo kuliko kimo cha ukingo wenyewe. Penye korongo linalotembea, ningetaka mara mbili ya hapo.

Mkifanya haya mkiwa peke yenu huku jirani wa juu anafyeka, mtakuwa mnakinga mvua kwa ungo. Lipelekeni kwenye serikali ya kijiji, ukanda wa ukingo uingizwe katika mpango wa matumizi bora ya ardhi, na kamati ya maafa ipewe nakala ya vipimo vya daftari lenu. Barabara ikiwa ndiyo inayomwaga maji kwenu kupitia kalavati, barua iende TARURA (barabara za vijijini na mijini) au TANROADS (barabara kuu na za mikoa) kutegemea barabara ni ya nani, yenye picha zilizopigwa mvua ikinyesha. Kwa nafasi za mikorosho na kupogoa, TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo cha Mtwara, ndio wenyewe.

Mwisho, kipimo cha mvua: kopo lenye kuta zilizonyooka, limewekwa mahali pa wazi, na rula. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa kwa mkoa mzima, lakini wingu moja laweza kuangukia kitongoji chenu tu. Kama wiki nzima imenyesha, kisha kopo likaonyesha milimita 50 ndani ya saa chache, kwa mteremko wenye ufa mimi nisingelala nyumba ile, hata kama vigingi havijasogea. Mkiwa bado ndani mkasikia milango inagoma kufunga, au maji ya chemchemi ya bondeni yamegeuka tope, au kijito kimekauka ghafla huku mvua inanyesha, tokeni kwa kukata upande, kushoto au kulia, msikimbie kushuka bondeni.